Episodi ya Mwisho ya Kepteni Yustina

Albano Haule alikuwa na sauti, nyie acheni tu. Si sauti ya kuimba. Kwaya ya parokia walimjaribu Jumapili mbili wakamrudisha kwa heshima kwenye benchi. Ilikuwa sauti ya kusimulia. Akishika maiki kwenye banda lake la video pale Kiwalani, mtu aliyekuwa anapita na ndoo kichwani alisimama kusikiliza, maji yakimchuruzika mgongoni.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Wazungu wanaongea mambo yao kwenye skrini, naye amekaa pembeni anayageuza palepale kuwa Kiswahili. Sauti ya mzee, ya binti, ya roboti, zote zilitoka kwenye koo hilohilo. Watu walimwita DJ Haule. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Alichokielewa alikisema, asichokielewa alikitunga, na mara nyingi cha kutunga ndicho kilichokuwa kitamu. Lakini alikuwa na sheria moja: maneno atatunga, kifo hatungi. Aliyekufa amekufa. Shujaa wa picha akifa na watazamaji wakifoka, "DJ, steringi hafi bwana!", yeye alijibu kwenye maiki, "Mie nimemkuta kashakufa, mnataka nimfufue?"

Na sheria ya pili: hakuwahi kuitazama picha kwanza. Alisema akishajua kinachokuja, sauti itakuwa ya mwalimu wa historia. Alitaka ashtuke pamoja na watu wake.

Picha za ngumi alizitafsiri kwa sababu zilijaza banda. Moyo wake ulikuwa kwenye sizoni za anga, zile za vyombo na sayari na viumbe wenye masikio ya ajabu. Ugonjwa huo aliupatia Keko, mwaka tisini na sita, alipofika kutoka Mbinga kujifunza useremala. Bosi wake alikuwa na televisheni ndogo karakana, na mchana mmoja ikaonyesha sizoni ya zamani sana, watu wamevaa nguo za kubana, mlango unajifungua wenyewe. Mafundi wenzake walishangaa mlango. Albano akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Jamani, hiyo plaiwudi!" alisema. "Plaiwudi imepakwa rangi ya fedha. Kichwa cha msumari kile pale."

Wenzake walicheka wakaendelea na kazi. Yeye siku nzima hakupiga randa ikanyooka. Alikuwa anawaza kwamba kuna fundi huko duniani, mwenye msumeno na gundi kama yeye, aliambiwa atengeneze chombo cha kwenda kwenye nyota, naye hakusema haiwezekani. Akapima, akakata, na watu wakasafiri.

Tangu hapo hakuiacha. Alizifuata enzi za mikanda, viumbe wakiwa na ngozi ya mpira unaokunjamana shingoni. Alizifuata kwenye sidii, na sasa kwenye flashi, ambako kompyuta inachora kila kitu na msumari hauonekani tena. Alikubali kwamba za siku hizi ni nzuri, ila alinung'unika. "Zamani ulikuwa unamsaidia fundi kuamini," alisema. "Siku hizi hawakuachii kazi yoyote."

Unaweza kuuliza, watu wa Kiwalani na mambo ya sayari wapi na wapi? Ndugu yangu, unauliza kwa sababu hukukaa kwenye yale mabenchi. Waliokuwa wanajaza banda ni watu waliotoka Mbinga, Masasi, Bukoba, wote walisema wanakuja Dar miaka miwili tu, na miaka miwili ikawa ishirini. Ukiwaonyesha chombo kilichoondoka nyumbani na hakijui kitarudi lini, huna haja ya kuwaeleza kitu.

Ndiyo maana ile sizoni waliyoiita Chombo iliwashika. Chombo chenyewe kiliongozwa na kepteni mwanamke, mkali, mwenye kutembea mikono nyuma. Jina lake la Kizungu lilimshinda Albano ulimi, akambatiza la mke wake. "Kepteni Yustina anasema, hakuna kulala mpaka turudi duniani!" Banda zima liligeuka kumtazama Yustina mwenyewe, aliyekuwa mlangoni anauza karanga. Alimtupia mumewe ganda la karanga, lakini alicheka. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Kepteni.

Halafu simu zikaja na kila mtu akawa na banda lake mfukoni. Mabenchi yakabaki matupu. Na kisukari kikaja nacho, kikayachukua macho ya Yustina, moja baada ya lingine. Miaka minne sasa. Albano alibaki na mtazamaji mmoja, naye haoni.

Lakini alimtafsiria! Tena vizuri kuliko zamani, kwa sababu sasa ilibidi aseme na rangi, na nani ameshika nini, na uso umekunjamana vipi. Brightson, fundi simu wa jirani, alishusha mtandaoni kila sizoni mpya ya Chombo akaileta kwenye flashi, na kila mchana baada ya chakula Yustina alikaa benchi la mbele, mkono sikioni. Ndege inayotua uwanjani ikipita juu ya bati, Albano alinyamaza, akasema, "Hiyo siyo ya kwetu, hiyo ya abiria," nao wakacheka, kila siku.

Brightson alipoleta sizoni ya mwisho, yenye episodi ishirini na mbili, Albano alikuwa ameshaanza kukwaruza. Walidhani ni mafua. Daktari alitazama kooni kwa kamera, akaandika, akatazama tena. Akasema ni saratani, na kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote ili mzee apone. Tarehe ikawekwa, siku thelathini mbele.

Siku thelathini, episodi ishirini na mbili. Hesabu ilikuwa inatosha kabisa. Angeweza hata kufanya mbili kwa siku akamaliza mapema, apumzike. Lakini hakutaka kumaliza. Akaanza kuzipima kama mgonjwa anayebania dawa: leo nusu, kesho nusu, keshokutwa tuzungumze tu. Alijua kwamba siku Chombo kitakapofika, sauti yake haina kazi nyingine duniani. Kosa hilo lilikuwa lake mwenyewe, na alikuja kulilia.

Ikabaki moja. "Hii tutaifanya asubuhi, kabla ya gari la hospitali," alimwambia mkewe. Asubuhi akaketi, akashika maiki, akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu, kama kuvuta mguu kwenye changarawe. Akajaribu tena. Nje gari likapiga honi.

"Acha, Baba Herieth," Yustina alisema. "Kepteni atasubiri."

Alirudi baada ya wiki tatu, akiwa na tundu shingoni na kitambaa juu yake. Hapo ndipo walipoelewa shida waliyonayo. Kuandika, mke haoni. Kutikisa kichwa, haoni. Herieth, binti yao, alikaa nao siku mbili akiwafundisha kabla ya kurudi kwa mumewe: baba abonyeze mkono wa mama, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mume na mke walioongea miaka ishirini na saba wakabaki na maneno mawili.

Mchana mmoja Yustina akapapasa hadi kwenye benchi la mbele.

"Weka," alisema.

Albano akambonyeza mara mbili. Hapana.

"Weka bwana. Leo natafsiri mie. Wewe umetafsiri maisha yako yote, hujachoka?"

Akaweka. Wazungu wakaanza kuongea. Yustina akashika maiki isiyounganishwa na kitu, akakohoa kama mumewe alivyokuwaga anakohoa.

"Kepteni Yustina amesimama," alianza. "Mikono nyuma. Anawaambia vijana wake, jamani, ile pale ni dunia, ni ya bluu."

Albano alitazama skrini. Ilikuwa kweli, dunia ilikuwa pale, na ilikuwa ya bluu. Akambonyeza mara moja. Yustina akachangamka, sauti ikapanda, akatunga utani, akamtunga na mpishi anayelalamikia chumvi. Albano alicheka bila sauti, mabega tu.

Halafu taa nyekundu zikaanza kuwaka ndani ya chombo. Kepteni aliwasukuma vijana wake mmoja mmoja kwenye vyombo vidogo vya kuokolea, akafunga mlango, akabaki ndani peke yake. Hakusema neno. Hakukuwa na cha kusikia. Kikaja kishindo kirefu, kizito, kinachoshuka.

"Sikia!" Yustina alimshika mkono. "Inatua hiyo! Mie nimekaa chini ya ndege za Kiwalani miaka yote hii, mlio wa kutua utanidanganya? Wametua! Kepteni amefika nyumbani!"

Kwenye skrini chombo kilikuwa kinapasuka. Vipande vilikuwa vinawaka juu ya bahari, na uso wa kepteni ukaonekana mara ya mwisho, umetulia, ukapotea kwenye moto. Albano machozi yalimtoka hadi kwenye kitambaa cha shingoni.

"Si amefika, Baba Herieth?"

Maisha yake yote hakuwahi kutunga kifo wala kukiondoa. Aliushika mkono wa mkewe. Muziki wa mwisho ulicheza, majina yakapanda, yakaisha. Ndipo akabonyeza mara moja.

Yustina akaiweka maiki kwenye benchi taratibu.

"Umekawia," alisema.

Albano akabonyeza tena, mara moja, kwa nguvu.

"Basi," alisema Yustina, naye akamfuta machozi kwa kiganja, kama aliyekuwa anajua yalipo. "Ukisema amefika, amefika."