Kitanda Nilichonunua Mwezi wa Pili

Ipo Jumamosi moja ya mwezi wa pili ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na tangu uliponiambia umepata chumba na sebule huko Ruangwa naiona kama ya jana. Mimi nilitoka Ruangwa kuja Nachingwea kufundisha shule ya msingi, kijana mbichi, mshahara kiduchu. Wewe umetoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Basi nisikilize kidogo, maana najua mikono inakuwasha kununua vitu.

Nilipanga chumba kimoja uani kwa Bi Somoe, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali na moyo mwema, ila ulimi ndio uliokuwa ukitangulia. Chumbani nilikuwa na mkeka, ndoo, sufuria mbili na jiko la mkaa. Niliishi vizuri tu, wala sikufa. Lakini walimu wenzangu walikuwa na vitanda na makochi, na mmoja wao akaninong'oneza siri: usinunue kitu msimu wa korosho, wakati huo kila mtu ana pesa na mafundi seremala wanaringa. Subiri mwezi wa pili. Pesa za korosho zimekwisha, mahindi bado mabichi shambani, watu wanatoa vitu ndani kwa bei ya kutupa. Nikasubiri, na nikajiona mjanja kweli kweli.

Siku hiyo nikamkuta Saidi, mkulima kijana wa mtaa wa pili, anauza kitanda cha mninga, kizito, kimechongwa maua upande wa kichwani. Bei aliyotaka haikufika hata ya mbao zake. Sikumuuliza lolote. Nililipa haraka asije akabadili mawazo, nikakodi mkokoteni, nikapita nao katikati ya mtaa kifua mbele, utadhani naleta bibi harusi.

Bi Somoe alikuwa anamenya mihogo uani. Nikamwamkia. Alikuwa anakitazama kitanda.

"Mwalimu, hicho cha nani?"

"Changu, Bi Somoe. Nimekinunua sasa hivi kwa Saidi."

"Sijakuuliza nani kalipa, nimekuuliza cha nani." Akaweka kisu chini. "Hicho cha Hadija, mke wake. Baba yake alimchongeshea alipoolewa, na siku ya harusi nilimtandikia mimi kwa mikono yangu hii. Hadija yuko hospitali, kajifungua juzi, leo mchana anaruhusiwa. Mtoto atamlaza wapi?"

Nikapandisha mabega. "Mume wake kaniuzia kwa hiari yake. Kosa langu liko wapi?"

"Haya, kiingize ndani ukilalie. Ila mchana ukifika, nenda wewe ukasimame mlangoni kwao, umwambie mzazi kitanda chake kiko wapi." Akaokota kisu, akaendelea na mihogo yake.

Weee! Nilisimama pale nikajaribu kuyapanga maneno hayo kichwani. Hadija, hongera, Mungu amkuze mtoto, ila kitanda chako... Hayakupangika. Nikamwambia mwenye mkokoteni ageuze. Akanicheka, na alikuwa na haki.

Nisikudanganye, mwanangu. Njiani nilikuwa nimepania kudai pesa yangu, angalau nusu. Saidi akafungua mlango. Pale kitanda kilipokuwa alikuwa ametandika magunia mawili na shuka juu yake, amelinyoosha vizuri kama mtu anayeomba radhi. Pembeni palikuwa na mfuko wa unga na kanga mpya za kumbebea mtoto. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, pesa ndiyo hiyo unayoiona. Ndani hapakuwa na kitu cha kumpa mzazi ale." Pesa sikuidai tena. Nikamwambia, "Shika upande huo, tukirudishe upesi."

Tulikuwa tunamalizia kutandika, Hadija akafika, ameketi nyuma ya baiskeli na kichanga kifuani. Aliponiona akafurahi. "Jamani, Mwalimu! Hata hatujapumzika umeshakuja kututazama?" Akakaa kitandani, akamlaza mtoto katikati, akashusha pumzi ndefu. Kisha akanipa mtoto nimpakate. Mimi, mwanangu, mimi! Saidi alikuwa anatazama sakafu. Nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha Bi Somoe, kwamba mama yule alikuta nyumba yake kama alivyoiacha. Mpaka leo hajui.

Nilirudi nikalala kwenye mkeka, na nilichelewa sana kupata kitanda. Bi Somoe hakulitaja tena jambo lile, ila kesho yake alinipa godoro lake la sufi, akisema linamjazia nafasi. Halikuwa linamjazia nafasi yoyote. Mungu amrehemu mama yule. Sina nilichokirithi kwa mtu chenye thamani kama ukali wake wa siku ile.

Kwa hiyo usione haya chumba kikibaki kitupu. Anza na pa kulala, cha kupikia na cha kutekea maji, vingine vitakuja taratibu. Vya mitumba nunua, sikukatazi, nyumba nyingi zimejengeka hivyo. Lakini ukiletewa kitu kizuri kwa bei ya ajabu, uliza kinatoka kwa nani na kama mwenzake nyumbani anajua. Ukiona ni shida tu inayokiuza, na una chochote mfukoni, msaidie mtu huyo unga, kitu chake mwachie. Na ukipata jirani wa kukugombeza, mheshimu, wala usimhame.

Mungu abariki chumba chako, mwanangu. Kila utakachokiweka humo kiingie na radhi ya mwenyewe, na popote utakapolaza ubavu, pasiwe na mama aliyelala chini kwa ajili yako.