Alama Niliyoifuta Ndani ya Tairi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa msumeno. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Nyamira na sanduku la mbao, nikaajiriwa kuwa msaidizi katika karakana ya ndege ndogo jijini Nairobi, sehemu ya magurudumu na miguu ya kutulia. Mkaguzi Mkuu wa sehemu hiyo, mtu mfupi mwenye koti jeupe lisilo na doa la grisi, alinipeleka mbele ya tairi lililoegemezwa ukutani. Mimi niliona ni jipya. Mifereji yake ilikuwa na kina kizuri na mpira uling'aa.

"Likate ubavuni," akasema. "Mahali patatu, mpaka upite nyuzi za ndani."

"Lakini ni zima, bwana."

"Umelijua kwa dakika moja? Kwenu Kisii mnalima mteremko ambao hata ng'ombe anahitaji breki, na bado unaamini macho! Kata."

Mafundi walicheka. Nilikata mpaka saa sita mchana, mikono ikatoka malengelenge. Ndipo akaja, akaupanua mkato wangu kwa bisibisi na kunionyesha jinsi tabaka za mpira na nyuzi zilivyoachana ndani kwa ndani. Ukiwa nje huwezi kuona. "Tairi lililokataliwa likibaki zima litapata mteja," akaniambia. "Si lazima awe mwenye ndege."

Nilikaa naye miaka tisa. Kazi ilikuwa ya vipimo na sahihi. Mguu wa kutulia, ule mhimili unaobeba ndege inapogusa ardhi, una mafuta na gesi ndani yake, na tuliupima urefu kila asubuhi kwa rula ya chuma kujua kama gesi imepungua. Magurudumu yalijazwa nitrojeni badala ya hewa ya kawaida, kwa sababu haichochei moto breki zikipata joto. Rimu ya ndege ina vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa bolti hizo kabla ya kutoa upepo wote, maana vipande vikiachana kwa nguvu vinaua. Tulipaka rimu wino mwekundu unaopenya kwenye nyufa, tukaufuta, kisha tukasubiri kuona kama mstari mwekundu utajitokeza. Kila kifaa kilichokataliwa kiliandikwa namba, kikatiwa sahihi, kikaharibiwa. Mambo hayo matatu yalifanywa siku moja. Mkaguzi Mkuu hakukubali yaachanishwe.

Baba alipofariki nilirudi nyumbani, nikapata kazi katika kiwanda cha chai upande wa Ekerenyo. Nikawa mkaguzi wa magurudumu ya malori ya kukusanya majani na pikapu za wasimamizi wa mashamba. Barabara zetu ni za matope na kona, na tairi linalodumu miaka mitano kwingine huku halimalizi miwili. Niliwafundisha madereva kusoma tarakimu nne zilizo ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Niliwakataza mafundi kujaza upepo rimu za malori, zile zenye pete ya kufungia, nje ya kizimba cha vyuma, kwa kuwa pete ikiruka haimpi mtu nafasi ya kuinama. Nilisifiwa. Meneja wa Usafiri aliwaambia wageni, "Huyu alitoka kwenye ndege. Akisema hapana, ni hapana."

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mosocho kulikuwa na fundi wa viatu vya akala, vile vya mpira wa matairi, aliyeitwa Onkoba. Alikuwa anakuja kiwandani kila mwisho wa mwezi kuomba matairi yaliyokataliwa, na alikuwa mcheshi, mtu wa kumtania hata askari wa lango. Siku moja alinikuta nimeshika msumeno.

"Omogaka, mzee wangu, unanichinjia ng'ombe vibaya," akasema. "Ubavu ndio natolea kanda. Ukiukata hivyo nitafunga viatu vya watu kwa nini, kwa migomba?"

"Ni kanuni, Onkoba."

"Kanuni haivai viatu. Si nitalikata mwenyewe nikifika nyumbani? Au unadhani nitalila na matoke?"

Nilicheka. Nikaweka msumeno chini, nikampa zima, na kwenye kitabu cha vitu vilivyokataliwa nikaandika kwamba limekatwa. Meneja aliniuliza, kama kawaida yake, "Yamekatwa?" Nikajibu, "Yamekatwa." Ikawa hivyo kwa miaka mingi. Kila tairi nililitia chaki ya njano ndani: msalaba, namba, na herufi mbili za jina langu.

Tairi moja lilikuwa la pikapu. Mifereji yake haikuwa imelika hata nusu, lakini nilipopapasa ndani nilihisi nundu, dalili kwamba mkanda wa waya umeachana na mpira. Nililikataa, nikampa Onkoba. Baadaye aliniapia kwamba mtu alilichukua kwake akidai anataka kuwafungia watoto bembea, naye akamwachia. Kutoka hapo sijui lilipita mikono mingapi. Najua tu kwamba lilinunuliwa na Nyamwaro, mkulima wa Ekerenyo mwenye pikapu kuukuu, aliyeliona tairi lenye mifereji mizuri akaliamini.

Ilikuwa asubuhi ya Sabato, wakati wa makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka. Nyamwaro alikuwa anaipeleka kwaya ya kanisa lake, watu tisa nyuma ya pikapu, na mkewe Kemunto mbele kando yake. Kwenye kona ya mteremko tairi la mbele la kushoto lilipasuka na pikapu ikaangukia mtaroni. Wale tisa waliumia, wakapona. Kemunto alifariki.

Polisi waliomba kiwanda kiwape mtu anayejua magurudumu, na Meneja akanituma mimi. Pikapu ilikuwa imevutwa hadi uani mwa kituo. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono ndani ya lile tairi lililochanika, nikaligeuza kuelekea kwenye mwanga. Chaki ya njano ilikuwepo. Msalaba, namba, herufi zangu mbili.

Askari aliyenisindikiza alikuwa ameniacha, anaongea kwa simu langoni. Nilichukua kitambaa nilichokuwa nafutia mikono, nikakichovya kwenye petroli iliyokuwa ikidondoka, nikafuta. Haikuchukua muda. Kisha nikaketi juu ya ndoo na kuandika ripoti: tairi lilikuwa katika hali nzuri, lilipasuka kwa kugonga ukingo wa barabara kwa mwendo wa kasi. Nikatia sahihi.

Sitasema nilichanganyikiwa. Niliogopa kufukuzwa kazi na niliogopa aibu, na akili yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Nyamwaro alifungwa miaka miwili kwa ripoti yangu. Ndugu za Kemunto walimkataza kutupa udongo kaburini. Watoto walilelewa kwa mama mkubwa wao huko Kenyenya.

Niliendelea na kazi mpaka kustaafu, nikapewa cheti cha uaminifu. Tangu siku ile ya uani nilikuwa nakata kila tairi mahali patatu, na Onkoba aliponilaumu niliendelea kukata. Lakini kukata huko hakukumfaa Nyamwaro kitu chochote.

Mwaka jana kwenye makambi nilimwona ameketi peke yake nyuma ya hema. Binti yake mkubwa, Moraa, ambaye sasa ni mwalimu, alipita karibu naye na watoto wake kama mtu anayepita kando ya nguzo. Wiki hiyohiyo nilikwenda Ekerenyo. Nilimkuta Nyamwaro akichuma chai, nikamweleza yote nikiwa nimesimama kati ya mistari ya michai. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kuchuma.

Nilipomaliza akasema, "Niliporudi kutoka jela Moraa aliniuliza, 'Tata, ulikuwa unakimbilia wapi?' Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nakimbia. Akaona nimenyamaza, akajua ni kweli."

"Ndugu yangu, nisamehe."

"Leo usiniombe hilo. Sijui ningekujibu nini. Nenda Kenyenya ukamwambie yeye."

Nilikwenda. Moraa alinipokea chini ya kibaraza cha shule, wanafunzi wakiwa darasani. Aliniita mzee, akanipa kiti. Nilipofika mahali pa kitambaa na petroli alisimama, nikadhani anaondoka. Alirudi na karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kalamu.

"Andika," akasema. "Andika ile ripoti kama ulivyopaswa kuiandika, na utie sahihi."

Niliandika polepole, kwa mwandiko nilioutumia kazini. Tairi lilikuwa limekataliwa kabla ya kuuzwa. Mkanda wa waya ulikuwa umeachana na mpira. Aliyelikataa hakulikata. Dereva alikuwa kwenye mwendo wa kawaida na asingeweza kuzuia ajali. Alisoma akiwa amesimama, kidole chake kikifuata mistari.

"Hapa umesema mwendo wa kawaida. Ulijuaje, na hukuwepo?"

"Gia ilikuwa imekwama kwenye ya tatu," nikamwambia. "Pikapu ile, kwa gia ya tatu, ikiwa na watu wote wale, haiwezi kukimbia."

"Uliiona lini hiyo gia?"

"Siku ile uani."

"Siku ile," akarudia. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Akaingia ofisini kuomba ruhusa, akatoka na mkoba wake, akaita boda boda barabarani. Nilimsikia akimwambia dereva ampeleke stendi, anataka gari la Ekerenyo, kwa baba yake. Hakuniaga, wala sikustahili kuagwa. Nilibaki kwenye kile kiti mpaka kengele ilipolia na watoto wakatoka.