Vitambaa Nilivyofungua Kisiwani

Niliwanyang'anya wanakijiji alama za miti yao, nikidhani naokota takataka.

Parokia yetu ya Likasi ilinituma kwenye kisiwa cha ziwa Tshangalele nisafishe njia za msituni kabla ya matembezi ya vijana. Kila kitambaa nilichokuta mtini nilikifungua. Mfuko ulipojaa, niliutembeza kijijini kwa majivuno.

Mama Ngoie, muuza samaki, akauchungulia.

"Papa, hii ya bluu ni yangu! Ni weye ulifungula?"

"Ni minye, mama."

Kumbe kila familia hufunga kitambaa kwenye mti wake wa viwavi, mwingine asivune.

"Basi rudisha, papa. Kila moja ku muti yake!"

Vijana wakaangua kicheko. Mimi sikukumbuka hata mti mmoja. Sasa viwavi vimekomaa, na wanawake watatu wanagombania mti uleule.