Kidani Kilichotolewa Mlango Umefungwa

Mama alipokwenda Hija alimwachia shoga yake kidani cha dhahabu alichorithi kwa bibi. Alimwita nyumbani kwetu Timbwani, wakaingia chumbani, akanitoa mimi, akafunga mlango. Kwetu amana haitolewi mbele ya macho ya watu. Kumwekea mwenzako shahidi ni kumwambia usoni kwamba unamdhania mwizi, na hawa wawili walikuwa wameleleana watoto.

Aliporudi, shoga yake alikuja kumpa mkono. Mama, kwa adabu zake zinazonikera mpaka leo, hakukitaja kidani. Alisema tu, "Nami nimerudi, shoga."

"Alhamdulillahi," mwenzake akajibu. "N'takuletea, inshallah."

Nilikuwepo, nilisikia. Baada ya hapo ikawa kesho, kesho kutwa, mpaka siku ya harusi moja tulipokiona kidani shingoni mwa binti yake, mchana kweupe.

Polisi nilikwenda mimi, mama hakutaka. Nilitaka kidani kirudi, na zaidi nilitaka mtu mwenye mamlaka aseme mbele ya watu kwamba mama yangu si mwongo.

Kortini yule mwanamke hakukana kupewa. Alisema alizawadiwa. Wakili wake akaita majirani wawili, wakaapa kwamba mama ni mtoaji: huyu alipewa kitanda, yule cherehani. Na ni kweli tupu! Ukarimu wa mama ukageuzwa ushahidi dhidi yake. Na ile "n'takuletea"? Eti alikusudia mkate wa sinia, wa kumkaribisha msafiri. Nilicheka kwa sauti, nikakaripiwa.

Hakimu alisema kidani kilipita mkono kwa mkono, hilo halina ubishi. Lakini kwamba kilitolewa kwa sharti la kurudishwa, hapo palikuwa na neno la mama na neno la mwenzake, na penye shaka mshtakiwa ndiye hufaidika. Akaachiliwa.

Mwendesha mashtaka akakata rufaa. Mimi nilidhani kesi itaanza upya, nikayapanga maneno yangu kichwani kama mwanafunzi. Kumbe hakuna shahidi anayeulizwa kitu. Jaji husoma yaliyokwisha kuandikwa. Mwendesha mashtaka alijenga hoja vizuri: mwanamke hatoi zawadi urithi wake wa pekee akiwa amefunga mizigo ya safari, tena bila kumwambia hata bintiye. Jaji alikiri kwamba huenda angeamua vingine lau angewasikiliza mashahidi mwenyewe. Lakini aliyewaona wakisema ni hakimu, na mtu aliyeachiliwa hatiwi hatiani kwa sababu tu maelezo mengine yanawezekana. Rufaa ikatupwa. Leo naielewa sheria hiyo, na ningeishukuru kama ningekuwa mimi kizimbani. Bado naichukia.

Asubuhi yake mama alifungua kasha lake, akatoa kifurushi ambacho sijawahi kukiona. Ndani mlikuwa na bangili za dhahabu.

"Za shoga yangu," akasema. "Aliniwekesha alipoachwa na mumewe."

"Mama, wallahi zisirudi! Nani anajua kama unazo?"

Alivaa buibui lake akatoka, nami nikamfuata.

Hakwenda moja kwa moja. Alipita kwa wale majirani wawili, walewale walioapa kortini, akawaomba wafuatane naye. Tulipofika kwa shoga yake hakukubali kuingia ndani. Alisimama kizingitini, akafungua kifurushi, akaziinua bangili moja moja ili kila mtu aone.

Mwenzake hakuitazama dhahabu. Aliwatazama majirani, kisha mama.

"Shoga," akasema taratibu, "mimi ni wa kuletewa mashahidi?"

"Naam," mama akamjibu. "Zishike."

Alizipokea. Mama hakuwa amelia kortini, wala siku ya rufaa. Alilia njiani tukirudi, kwa kwikwi, barabarani mbele ya watu, wala hakuwa akikililia kidani.