Siku Mama Alipong'oa Magimbi Yake Mtoni

Tope la mto likifukuliwa lina harufu yake, wanangu: majani yaliyooza, chuma chenye kutu, na yai viza juu yake. Jumamosi iliyopita ilinipiga puani hapa hapa London, nilipompeleka mjukuu wangu Neema kwenye kijito kilicho nyuma ya nyumba zetu. Maji yake yanatoka chini, kwenye mwamba mweupe wa chaki. Wanasema zamani yaling'aa kama kioo. Sasa yametanda na kutuama kwenye matope na mabaki ya baiskeli. Watu wa kujitolea, wamevaa suruali za mpira hadi kifuani, walikuwa wakifukua tope, wakilaza magogo kandokando na kumwaga kokoto, ili mto ubanwe ukimbie, samaki wapate pa kutagia. Wakichoka wanapewa chai na biskuti. Neema aliziba pua akalalamika kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kukijibu hataki. Mimi nilitafuta benchi nikakaa. Kwa mawazo nilikuwa nimesharudi Upareni, utotoni.

Kijito chetu nacho kilikuwa kimekufa hivyo hivyo. Kila asiye na shamba la kumwagilia alipanda magimbi humo humo mtoni, tope likajikusanya kwenye mashina, maji yakatawanyika yakawa kinamasi. Mama, Namkunda jina lake, alikuwa na tuta moja tu. Baba yangu Elieza alikuwa amekufa karibuni, mahindi yalikuwa yamekauka, na magimbi yale ndiyo yangetuvusha mimi na mdogo wangu Kisaka mpaka mavuno.

Alfajiri moja pembe ikalia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na kwetu jambo ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, asiyetokea anatozwa. Mama hakwenda. Kwa ukoo wetu mjane hakanyagi maji ya mto kabla hajanyolewa nywele za msiba, naye alidhani mila itamlinda.

Jua halijapanda, wakaja. Mbele yuko Mzee Sekiete, mkuu wa mfereji, mgawa maji ya kumwagilia, nyuma yake shangazi Nanzia, dada yake baba, na umati wa majirani. Nawakumbuka wote: Mbonea, Kalage, Nambua, Senzighe mwenye kigugumizi.

"Mke wa Elieza!" Mzee akaita. "Elieza ndiye aliyekufa, au na wewe umekufa miguu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Sijanyolewa, mzee," mama akasema. "Nikiingia mtoni mtasema nimeuchafua."

"Maji hayana matanga. Magimbi yako ndiyo yameyaziba. Teremka ukayang'oe kwa mikono yako."

"Twende, wifi," shangazi akasema kwa sauti tamu. "Au tukubebe kama bibi harusi?"

Kwa kosa la kuchelewa wakabeba chungu chetu, kunde zikitokota ndani. Walizila mtoni, na zilisifiwa.

Mama akaingia majini hadi magotini, kichwa chake cha msiba kikiwa wazi mbele ya watu. Magimbi yalikuwa bado madogo kama vidole gumba. Shangazi akaanzisha wimbo wa kazi: nani kaziba mto? Watu wakaitikia: mke wa Elieza! Na mama akaitikia nao. Tena kwa sauti kubwa, yenye madaha, akijitaja mwenyewe huku akiling'oa tuta lake shina kwa shina. Kisaka akaokota gimbi moja akalitafuna bichi. Koo likamwasha, akapiga mayowe. Walicheka hadi wakaegemea majembe. Mama hakugeuka. Aliimba.

Sitasema uongo: mto ulipona. Walipanga mawe kingo zote mbili, maji yakabanwa, yakapata mbio, na kaa wadogo wakarudi. Kisaka hakuyafikia mavuno. Tulimwosha kwa maji yale yale, maangavu kabisa, unaona hadi kitako cha mtungi.

Nilimchukia mama kwa wimbo ule. Nilisema moyoni, mwanamke gani huyu asiye na haya, hata machozi hana? Hakunieleza, na amekufa bila kunieleza.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto, shangazi Nanzia ndiye aliyenisimulia, anapukuchua mahindi, anacheka. Kabla ya mama kulikuwa na mjane mwingine, Nakijwa. Naye aliambiwa ang'oe magimbi yake, akalia, akagoma. Wakasema machozi yake yameulaani mto. Wakaiezua nyumba yake siku ile ile, akashuka tambarare na watoto wake, na shamba lake akalichukua Mzee Sekiete.

"Na mama yako tulimngoja alie," shangazi akaniambia. "Mzee alishalitamani lile shamba la kaka yangu. Mapanga ya kuezulia paa yalikuwa kwenye nyasi pale, sisi tunangoja chozi moja tu. Mwanaharamu yule akaimba mpaka mwisho!"

Akafuta macho kwa kucheka, akanisogezea mahindi nipukuchue.