Herufi Mbili Chini ya Mitutu

Avril Hodgetts alikuwa na miaka sabini na mitatu. Thelathini na minane kati ya hiyo aliimalizia Birmingham, kwenye mtaa wa mafundi bunduki, akichonga vitako. Kazi yake ilikuwa ile mistari myembamba inayokatizana kwenye mti, pale kiganja kinaposhika, ili bunduki isiteleze siku ya mvua. Alistaafu na kidole gumba kilichopinda, akahamia Bewdley, kwenye nyumba ndogo karibu na mto. Maelfu ya bunduki yalipita mikononi mwake, na hakuwahi kufyatua hata moja.

Asubuhi moja ya Oktoba alibisha hodi Rowland Onslow, mkulima wa kijiji cha juu, na mfuko mrefu wa ngozi begani.

"Bi Avril, usiogope, sijaja kukuibia."

"Uniibie nini, Rowland? Maharage? Vua viatu hivyo, umenibebea shamba zima miguuni."

Baba yake Rowland alikuwa amefariki Agosti, akamwachia bunduki ya marisau ya mitutu miwili. Fomu ya kibali iliuliza nani aliyeitengeneza. Juu ya mitutu palichorwa kwa mkono mzuri: *Pennifold na Wanawe, Shrewsbury*.

"Ningeandika hilo nikamaliza," alisema Rowland, akikoroga chai. "Ila mzee alikuwa akicheka kila akilisoma. Eti Pennifold hakuwahi kushika tupa maishani mwake. Nikasema ngoja nimuulize mwenye kazi."

"Mzee wako alijua. Jina la duka likiwa ndani ya kiatu, mwenye duka ndiye aliyekishona?"

"Sasa nani aliyeshona hiki?"

"Tulia unywe chai. Itasema yenyewe."

Avril alivaa miwani, akaikunja bunduki kwenye bawaba yake kuhakikisha haina risasi, kisha akaufungua mti ulio chini ya mitutu na kuitenga mitutu na kitako. Akaigeuza juu ya gazeti. Chini, mahali ambapo mwenye bunduki hana haja ya kupatazama, chuma kilikuwa kimejaa chapa. Zile za nyumba ya majaribio ya Birmingham, ambako kila mtutu hupigwa baruti kali kabla haujauzwa. Herufi ya mwaka, iliyomaanisha 1951. Namba, 2217. Na pembeni kabisa, ndogo kama mbegu za haradali, herufi mbili: H.T.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Vipi?" aliuliza Rowland. "Mbovu?"

"Si mbovu. Baba yangu aliitwa Horace Tibbetts."

Rowland akaweka kikombe chini taratibu.

"Usishangilie bado," alisema Avril. "Mtaa uleule, milango sita kutoka kwetu, alikuwepo Harry Tonks. Naye H.T. Nimeziona herufi hizi mara tatu katika maisha yangu ya kazi, na mara zote tatu sikuweza kujua ni za nani."

Horace alikuwa fundi wa nyuma ya pazia. Wenye maduka ya miji midogo walimwagiza bunduki, naye akazituma zikiwa zimechorwa majina yao. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu Avril akiwa na miaka kumi na mmoja, na karakana ikabomolewa kupisha barabara. Hapakubaki kitu. Mama yake alisema mpaka anaingia kaburini kwamba mume wake aliwatajirisha watu kwa majina yao wenyewe. Na shangazi mmoja mwenye mdomo alikuwa akimwambia Avril, "Baba yako alitaka dume la kumwachia tupa. Ukaja wewe." Horace alikuwa mtu wa maneno machache, hakukanusha wala hakuthibitisha. Avril aliingia kazini akiwa na miaka kumi na mitano, na neno lile la shangazi aliingia nalo.

Rowland ndiye aliyepiga simu. Aliulizia Shrewsbury nzima mpaka akampata Bi Hester Pennifold, mjukuu wa mwenye duka, mwanamke wa miaka themanini na minne aliyeishi bado ghorofani, juu ya lile duka ambalo sasa lilikuwa la miwani. Jumamosi wakaenda wote wawili kwa gari la Rowland, lililonuka mbwa.

Hester aliwapokea kwa fimbo na keki.

"Babu yangu kutengeneza bunduki?" alicheka. "Msumari tu ukimshinda, bibi ndiye akipigilia! Aliuza ndoano, risasi, makoti ya mvua. Lakini hakutupa karatasi. Hebu niteremshieni ule mkebe wa biskuti, pale juu. Kijana, wewe mrefu, fanya kazi."

"Kijana" alikuwa na miaka hamsini na sita. Akaushusha mkebe.

Barua zilikuwa zimefungwa kwa mafungu ya miaka. Hester akazipitia kwa kidole, akitaja miezi kwa sauti. Akaisoma moja mpaka mwisho, akamtazama Avril.

"Ulizaliwa lini, mwenzangu?"

"Tarehe kumi na saba Aprili, hamsini na moja."

"Basi soma mwenyewe. Mimi sitaweza."

Mwandiko ulikuwa umebanana na kuegemea kushoto. Avril aliutambua kutoka kwenye vitabu vyake vya shule, pale baba yake alipoandika jina lake kwenye jalada.

*Bwana Pennifold, namba 2217 itakufikia Jumatatu. Niwie radhi kwa kuchelewa siku tatu. Jumanne mke wangu amejifungua mtoto wa kike, na tangu hapo nimeshindwa kukaa kwenye meza ya kazi, kila mara najikuta nimepanda ngazi kwenda kumtazama. Ana vidole virefu, vya fundi. Mafundi wenzangu wa mtaani wananicheka, waache wacheke. H. Tibbetts.*

Avril aliisoma mara mbili. Mara ya tatu maneno hayakuonekana tena. Rowland, asiyejua aweke wapi mikono yake mikubwa, akamkatia kipande cha keki ambacho hakuna aliyekiomba.

"Alipanda ngazi," alisema Avril. "Zilikuwa kumi na tisa zile ngazi, na kifua chake kilivyokuwa. Alipanda kunitazama mimi."

"Ichukue," alisema Hester.

"Ni ya babu yako hii."

"Babu yangu kisha kuisoma. Ichukue, mwenzangu, usinifanye nami nilie, nina shinikizo la damu."

Walikaa mpaka saa kumi. Avril alimsimulia Hester juu ya vumbi la mti wa jozi, harufu ya mafuta ya kitani, na mafundi waliomfundisha alipokuwa binti pekee kwenye chumba cha wanaume kumi na moja. Akawataja wote kwa majina, mmoja mmoja, na kusema jema la kila mmoja, hata yule aliyemfichia patasi.

Jumapili Rowland aliijaza fomu mezani kwa Avril. Mtengenezaji: Horace Tibbetts, Birmingham. Muuzaji: Pennifold na Wanawe, Shrewsbury. Aliandika polepole, ulimi nje, asikosee herufi. Avril alimfungia nusu mkate wa tangawizi aende nao, na mlangoni akamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida ya watu wa huko.

"Mzee wako asingecheka, wewe ungeandika Pennifold," alimwambia. "Nami ningekufa bila kujua."

Novemba Rowland akaleta kwale wawili wakubwa wa porini, walioangushwa kwa namba 2217. Avril akawapika kwa tufaha na vitunguu, akamwita Hester, naye akaja kwa teksi na chupa ya divai ya matunda. Walipofika katikati ya mlo Hester akasita kutafuna, akatoa risasi ndogo kinywani, akaiangusha kwenye sahani.

"Baba yako huyu," alisema, "nusura anivunje jino."

Avril alicheka hadi akalazimika kuweka uma chini.