Kisima Kilichobaki Upande wa Kaka

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenishawishi tushuke kutoka milimani. Shamba la marehemu baba lilikuwa limegawanywa mpaka ukinyoosha miguu umeingia kwa jirani, naye alikuwa amepata ardhi tambarare upande wa Ndara. "Tukiwa wawili hatutashindwa," aliniambia. Nilikuwa nimeoa karibuni. Mke wangu alilia tulipofunga mizigo, lakini alinifuata.

Hakuna aliyetuonya kuhusu taabu za kule. Kununua chumvi ilikuwa safari. Mtoto akishikwa na homa, ulimbeba mgongoni mpaka Voi ukiomba asizidiwe njiani. Ndovu walikula mahindi yakiwa bado mabichi. Ila kilichotutesa zaidi ni maji. Tulichota maji kwenye lambo moja na ng'ombe, na kiangazi kikikolea lambo lenyewe liligeuka tope.

Basi mimi na kaka tukachimba kisima. Alichagua bonde dogo lililokuwa upande wake wa mpaka wa mashamba yetu, nami sikulifikiria hilo, tulikuwa ndugu. Kwa kuwa nilikuwa mwembamba, nilishuka mimi, yeye akavuta udongo kwa kamba. Siku udongo ulipoanza kulowa chini ya nyayo zangu nilimwita, akateremka na viatu vyake, tukakumbatiana humo shimoni tukicheka kama wendawazimu. Maji yalikuwa matamu.

Tangu hapo niliipenda nchi ile. Mvua ikishaosha vumbi, Kilimanjaro ilijitokeza nyeupe kwa mbali. Mke wangu alipanda mchicha kando ya nyumba, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kule milimani, watu walikobanana, sikuwahi kuisikia.

Kisha nilikwenda Mwatate kuuza mbuzi. Niliporudi nilimkuta mke wangu ameketi mlangoni, mitungi mitupu kando yake.

"Kuna watu wanazungushia kisima ua," akasema. "Wanasema wameuziwa."

"Na nani?"

"Kamuulize kaka yako."

Nilimkuta anafunga virago. Hakunikwepa.

"Nimeuza sehemu yangu," akasema. "Nimechoka na ndovu. Narudi nyumbani."

"Na kisima?"

"Kiko sehemu yangu."

"Si tulichimba pamoja?"

"Tulichimba." Aliendelea kukaza kamba.

"Ungeniambia, kaka."

"Ungenizuia."

Jibu hilo liliniuma kuliko kukipoteza kisima. Alikuwa amenifikiria vizuri kabisa, akajua nitakavyoumia, kisha akasubiri niende sokoni. Niliondoka bila kumuaga.

Jirani yetu, mama mmoja Mkamba, alisikia. Kesho yake punda wake walisimama mlangoni kwetu na madumu ya maji, na hakutaka kushukuriwa. "Huku mtu haishi peke yake," alisema. Baadaye wanawe walinisaidia kuchimba kisima kingine kwenye shamba langu. Maji yake yana chumvi, lakini tulikaa.

Kaka nilimwona tena tulipomzika mama. Tulisimama pande mbili za kaburi, tukapokezana jembe la kufukia.

"Wote wazima huko?" akauliza.

"Wazima."

Wanangu wakamkimbilia, wakamwita baba mkubwa, naye akawainamia mmoja mmoja kuwapa mkono. Sijawahi kuwaambia. Wakiniuliza mbona maji yetu yana chumvi, huwaambia ndivyo ardhi ya huku ilivyo.